Milio Sita Kushoto

Sijui. Neno hilo dogo sikulitamka kazini kwa miaka ishirini na sita. Lau ningalilitamka mara moja tu, Januari ile kule Oberhof, Ujerumani, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Ningekuwa kwangu Meldal napasua kuni na kulalamikia magoti.

Mimi ni kocha wa shabaha wa timu ya wanawake ya Norwei, kwenye mchezo wa kukimbia kwa skii na kulenga kwa bunduki. Sikimbii kwenye theluji, sipaki nta chini ya skii, sipangi nani ale nini. Nasimama nyuma ya wanaolenga, jicho kwenye darubini, daftari mkononi. Kabla ya kila mbio wanapewa saa moja ya kuziweka bunduki sawa. Mtu analala kifudifudi juu ya mkeka, anapiga risasi tano kwenye karatasi iliyo mita hamsini mbele, na yeye mwenyewe haoni zimetua wapi. Mimi naona. Naweka nukta tano daftarini, halafu nampigia kelele, "Milio miwili kulia." Skrubu ya kulengea ukiigeuza inalia ta, ta, ndiyo maana tunahesabu kwa milio. Basi, kazi yenyewe ni hiyo, na anayelala pale hana budi kuniamini, maana hana macho mengine.

Msimu ule Jorunn Kvalsvik alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na alishatangaza kwamba ni wa mwisho. Alitaka kitu kimoja tu: kumalizia Holmenkollen, Oslo, mwezi wa Machi, kwenye mbio za kufunga msimu. Miaka kumi na mmoja yuko kwenye timu na hajawahi kupiga risasi hata moja pale mbele ya watu wake. Mwaka mmoja alishikwa na tetekuwanga, mwaka mwingine goti, miaka mingine hakuchaguliwa. Safari hii watu wa kwao Oppdal walishakodi basi zima, viti arobaini na vinane.

"Nisipochaguliwa," aliniambia Novemba tukiwa Östersund, mbio za kwanza, "nitapanda basi hilohilo niende kujitazama nisivyokuwepo."

"Utachaguliwa."

"Una uhakika, mzee?"

"Lini nimekosea?" nikamjibu. Nakumbuka vizuri kwamba nilisema hivyo, na nilikuwa nakula supu.

Na kweli alianza vizuri. Östersund kule Uswidi, kisha Hochfilzen kule Austria, alikosa risasi tatu tu kati ya hamsini. Chumba kimoja alilala na Vilja Stensrud, binti wa miaka ishirini na miwili ambaye anaweza kubishana hata na mlango. Ukimwambia geuza kulia, atakuuliza kulia kwa nani. Jorunn alimpenda, sijui kwa nini. Usiku ukiingia walikuwa wanalenga ukutani na bunduki tupu, kama wanavyofanya wote, kila mmoja na kidoa chake cheusi amekibandika juu ya kitanda cha mwenzake.

"Bibi, lala," Vilja alikuwa akimwambia. "Mifupa itakulilia kesho."

"Ikilia utaisikia wewe, maana utakuwa nyuma yangu," Jorunn anamjibu.

Sasa Oberhof. Kule ukungu hauji, unakaa. Watu ndio wanaokuja na kuondoka. Asubuhi ile ulikuwa mzito mpaka nikaona haya kufungua darubini. Jorunn alilala nafasi ya tisa, Vilja ya kumi, wote kwenye nguo nyekundu za timu. Wakapiga. Nikaizungusha darubini huku na huku mpaka karatasi moja ikajitokeza. Namba iliyo juu yake ilikuwa imemezwa. Nikajiambia hii ni tisa. Matundu matano, yote yamekwenda kulia.

"Jorunn, milio sita kushoto."

Akainua uso kutoka kwenye bunduki. "Sita?"

"Sita."

"Jana ilikuwa sawa kabisa."

"Jana ni jana."

Akageuza. Niliisikia milio yote sita. Ukungu ukaachia karatasi nyingine, matundu yote katikati; nikaiita ya kumi, nikamwambia Vilja yake iko sawa, asiguse. Jorunn akapiga tano nyingine ili tuhakikishe. Nikaweka jicho kwenye darubini, na mle ndani hamkuwa na karatasi, hamkuwa na kitu. Weupe mtupu.

"Vipi sasa?" akauliza.

Hapo ndipo neno lile lilipotakiwa. Lilikuwa mdomoni. Lakini kocha wa Wajerumani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo, saa ilikuwa inakimbia, nami ni mtu ambaye hajakosea tangu Novemba na supu yake.

"Iko sawa," nikasema.

Kwenye mbio Jorunn aliingia, akalala, akakosa risasi nne kati ya tano, zote zimepita kushoto. Kila risasi iliyokosa ni kizunguko kimoja cha adhabu, mita mia na hamsini. Nilimtazama akizunguka mara nne pale kwenye ukungu, anatokea na kupotea, na sikuelewa chochote. Aliporudi kulenga akiwa amesimama alikosa mbili zaidi. Mzunguko wa mwisho akateleza kwenye mteremko na kuangukia mgongo, bunduki ikagonga barafu. Akawa wa sabini na moja.

Vilja yeye alikosa mbili za kwanza, akatukana kimyakimya, akaigeuza skrubu yake mwenyewe bila kuambiwa na mtu, kisha akapata nane mfululizo. Alimaliza wa tatu. Alipanda jukwaani mdomo wazi kama aliyekanyaga msumari, hata yeye hakuelewa.

Kesho yake tulipoipima bunduki ya Jorunn ilikuwa nje kwa milio sita. Wote wakasema ni kule kuanguka. Nami nikasema, tena kwa sauti kubwa kuliko wenzangu. Je, nilikuwa nadanganya? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliamini, lakini niliamini upesi mno, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajafika.

Ila zile nne za kwanza zilipigwa kabla hajaanguka. Zilitaka maelezo. Kocha akikosa maelezo huyatengeneza. Nikamketisha Jorunn hotelini nikamwambia tatizo ni kidole. Kidole cha shahada kinaingia mno kwenye kifyatulio, nikasema, ndiyo maana kinavuta bunduki upande wa kushoto. Nikamfunga kipande cha plasta kwenye ncha, asiguse kifyatulio ila kwa pale tu.

"Nimefyatua hivi tangu nina miaka kumi na miwili," akasema.

"Na umeona matokeo."

Hakubishana. Huyo ndiye Jorunn. Vilja angenitupia plasta usoni.

Mbio za Ruhpolding akakosa sita. Za Antholz akakosa saba, na hizo zilikwenda kila upande, juu, chini, kulia, hakuna mpangilio wowote. Nilikuwa naweka nukta daftarini na kichwa kinanizunguka. Upepo haukuwepo. Bunduki ilikuwa nzima. Mtu ni yuleyule. Wenzangu wananiuliza, mzee kuna nini, nami nawapa majibu marefu.

"Nikiweka kidole hapa mkono wote unatetemeka," Jorunn aliniambia.

"Utazoea."

"Lini?"

"Vumilia kidogo."

Februari wakamshusha mashindano ya daraja la pili. Aliondoka na mabegi yake asubuhi tukiwa mezani. Vilja hakumaliza mkate wake.

Machi ikaingia. Kocha mkuu wetu, Gaute Lillebø, alihitaji majina sita ya Holmenkollen. Matano alikuwa nayo. La sita lilikuwa bado, na alitaka niandike taarifa ya Jorunn kabla ya Jumatano. "Andika ukweli tu," alisema kwenye simu. "Kama amekwisha, amekwisha. Hakuna ubaya."

Nilikuwa nyumbani, asubuhi, meza ya jikoni. Nikafungua daftari la msimu kuanzia mwanzo. Sasa nisikilizeni vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Kila mpigaji ana mwandiko wake wa risasi. Jorunn anaweka nne pamoja, zimebanana, na ile ya kwanza daima iko peke yake juu kidogo, kama imechelewa kuambiwa wapi pa kwenda. Vilja anazipanga mshazari, toka chini kushoto kupanda kulia, ngazi kabisa. Ungenionyesha karatasi bila jina ningekuambia ya nani. Nikafunua Östersund, nne na moja juu. Hochfilzen, nne na moja juu. Nikafunua Oberhof.

Chini ya jina la Jorunn kulikuwa na ngazi.

Nikatazama ukurasa wa Vilja wa siku ileile. Nne zimebanana, moja juu, katikati kabisa ya karatasi. Nikaligeuza daftari juu chini. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Nikatoka nje bila koti, nikarudi. Ngazi ilikuwa palepale. Karatasi niliyoiona kwenye ukungu ilikuwa ya nafasi ya kumi. Milio sita ilikuwa ya Vilja. Bunduki ya Jorunn ilikuwa sawa tangu asubuhi, mimi ndiye niliyeipotosha. Halafu nikakipotosha na kidole.

Na kilichonichoma zaidi ni hiki: wote wawili niliwaambia uongo uleule siku ileile. Mmoja hakuniamini, akapanda jukwaani. Mwenzake aliniamini.

Toka Meldal mpaka Trondheim, anakoishi Jorunn, ni mwendo wa saa moja na robo. Njiani nilifikiria sababu nyingi za kugeuza gari. Ushahidi wangu ni nini? Nukta kumi za penseli. Labda siku ile Jorunn alipiga ngazi, kwani haiwezekani? Nikajibishana hivyo mpaka nikafika mlangoni kwake.

Alifungua akiwa na bunduki mkononi. Alikuwa analenga ukutani na bunduki tupu, saa nne asubuhi. Plasta ilikuwa kwenye kidole, imechakaa, imekuwa nyeusi pembeni.

"Umekuja kuniambia jina langu halipo," akasema. "Ungepiga simu tu, mzee. Ingia. Kuna vafeli."

Sikula hizo keki zake za vafeli. Nikaweka daftari mezani, nikafunua Östersund, Hochfilzen, kisha Oberhof. Alitazama muda mrefu. Nilikuwa sijawahi kumwonyesha daftari. Hakuna anayeonyeshwa, ni desturi yetu, mpigaji asije akaanza kujitazama badala ya kulenga.

"Hii ngazi ni ya nani?" akauliza.

"Ya Vilja."

"Mbona ina jina langu?"

Nikamweleza. Ukungu, namba iliyomezwa, na ule weupe niliouita sawa. Sikuficha. Nilitarajia atalia au atanifukuza.

Alianza kubandua plasta. Ilimchukua muda, ilikuwa imeshikana na ngozi. "Wiki nane," akasema. "Wiki nane nalala nikikifikiria kidole hiki. Nilikwenda kwa daktari, unajua? Nilimwambia nadhani nina ugonjwa wa neva. Mama yangu akaanza kuniombea kanisani." Akaiweka plasta juu ya daftari. "Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu kimevunja msimu mzima, na kumbe hakikuwa chenyewe."

"Nisamehe, Jorunn."

"Usiniombe msamaha sasa hivi. Mpigie Gaute."

Nikampigia palepale, simu juu ya meza, yeye anasikia. Gaute akanisikiliza mpaka mwisho.

"Una uhakika?" akauliza.

"Sina. Palikuwa na ukungu. Lakini mwandiko ni wa Vilja."

"Siwezi kumpa mtu nafasi kwa ajili ya mwandiko, Oddvar. Kesho uwanja wa shabaha wa Granåsen, nitakuja mwenyewe. Risasi ishirini, kidole anavyotaka yeye. Na wewe, msimu ukiisha tutazungumza. Sasa hivi sina mtu mwingine."

Kesho yake alipata kumi na tisa. Gaute aliandika jina la sita hapohapo kwenye theluji, akiwa amevaa glavu.

Holmenkollen jua lilikuwa linawaka. Watu walijaa mpaka juu msituni, na basi la Oppdal lilikuwa limetema watu arobaini na wanane wenye kengele za ng'ombe. Mbio zilikuwa zile ndefu: unalenga mara nne, umelala, umesimama, umelala, umesimama, na kila risasi inayokosa inaongeza dakika nzima. Saa ya kuweka bunduki sawa, Jorunn akalala, akapiga tano. Safari hii niliona kila kitu, hata mbu ningemwona. Namba juu ya karatasi, matundu, vyote. Nne na moja juu, lakini zimesogea kulia kidogo.

"Milio miwili kushoto," nikasema.

Mkono wake ukaenda kwenye skrubu, ukasimama. Alikaa hivyo. Kisha bila kunitazama akaita, "Vilja, njoo utazame."

Vilja akaja, akaweka jicho kwenye darubini yangu. Mimi nikasogea kando. "Miwili kushoto, bibi," akasema. "Mzee kapata leo."

Jorunn akageuza. Ta, ta. Nilikuwa nimesema sahihi na haikunisaidia kitu. Nilijisikia mdogo mbele ya makocha wote wa Ulaya, na nilijua kabisa kwamba nimestahili.

Mbio zikaanza. Mara ya kwanza, amelala, tano kwa tano. Mara ya pili, amesimama, tano. Kengele za Oppdal zikapiga mpaka mtangazaji akanyamaza kungoja. Kisha, kabla ya mara ya tatu, upepo ukageuka. Na si kugeuka tu, ulichanganyikiwa. Vibendera vya karibu vilielekea kulia, vya mbali kushoto, vya katikati vilikuwa vinajizungusha. Makocha wote wakaanza kupiga kelele kwa watu wao, huyu mmoja, yule mitatu, na wapigaji waligeuza na kukosa.

Jorunn akaingia. Akaweka fimbo chini, akavua bunduki, na kabla ya kulala akageuka akanitazama kwenye uzio. Vilja alikuwa mbali msituni, anakimbia mbio zake. Jorunn hakuwa na mtu mwingine.

Nikatazama vibendera. Nikatazama tena. Ningeweza kusema mmoja kulia, na kulikuwa na nusu ya nafasi ya kuwa shujaa. Mkono ulikuwa tayari umeanza kupanda.

Nikauteremsha. Nikafungua viganja vyote viwili, mbele ya kila mtu, nikatikisa kichwa.

"Sijui, Jorunn," nikasema.

Kocha wa Wajerumani, yuleyule, alinigeukia kama niliyevua suruali.

Jorunn alinitazama sekunde moja zaidi. Akalala. Hakugusa skrubu na hakufyatua. Alingoja. Wenzake walimaliza wakaondoka, yeye kalala tu, kidole kimeingia ndani kabisa kwenye kifyatulio, kama alivyokiweka tangu utotoni. Sekunde kumi. Ishirini. Watu wa Oppdal walizishika kengele zao zisilie. Kisha vibendera vyote vikalegea kwa pamoja, na akapiga tano bila kupumzika kati yake. Vidoa vyeusi vitano vya kulengwa vikageuka vyeupe, kila kimoja kwa risasi yake.

Mara ya nne alikosa moja. Alimaliza wa tisa. Vilja alikuwa wa kumi na nne na alimwinua juu pale mwisho kama gunia.

Baadaye alikuja kwenye uzio, barafu kwenye kope, jasho limemgandia shingoni. Hakunisalimu. Alinyoosha mkono, nami nikampa daftari. Akafunua mpaka akapata mara ya tatu. Nukta nne zimebanana, moja juu peke yake.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ni yako."

"Una uhakika, mzee?"

"Hiyo nina uhakika."

Akauchana ukurasa polepole, akaukunja mara mbili, akautia ndani ya glavu. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Akaenda zake kwa watu wa basi, huku Gaute anakuja upande wangu na mikono mfukoni, msimu umeisha.